Siku Arubaini za Kumfunga Zuhura Mikono

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane, nilipewa kazi ya kumfunga mdogo wangu mikono kila asubuhi, na kazi hiyo niliifanya vizuri. Najua niliifanya vizuri kwa sababu nilisifiwa. "Rukia ana mkono mwororo," Nyanya aliwaambia wageni, "hafungi kwa kuumiza." Nimefundisha watoto wadogo karibu maisha yangu yote, na najua mtoto huweza kufanya lolote kwa sifa ya namna hiyo. Sikulazimishwa. Hilo nataka lieleweke tangu mwanzo.

Tulikaa Mji wa Kale, nyuma ya Ndia Kuu, katika nyumba ya ghorofa yenye ngazi nyembamba za mawe na sakafu ya juu ya boriti na chokaa. Nyumba ilikuwa ya Nyanya, mamake Baba, na neno lake ndilo lililokuwa neno. Baba alikuwa karani huko Kilindini, bandarini. Aliondoka mapema na kurudi amechoka. Mama alikuwa ameingia nyumba ile bibi arusi wa miaka kumi na sita, na mpaka wakati ninaousimulia alikuwa bado akiomba ruhusa ya kufungua kabati la vyombo.

Miaka ya sitini ilikuwa ndiyo kwanza imeanza. Mdogo wangu Zuhura alikuwa na miaka minne na hakuwa amesema neno hata moja. Alicheka, alilia, alipiga kelele akikasirishwa, lakini "mama" hakusema, wala "maji".

Hakuna aliyefikiri kwamba hasikii. Mlango ukibamizwa, aligeuka. Mtu akipanda ngazi, alijua kabla yetu na kukimbia kumlaki. Mwezi wa Ramadhani, mzinga wa kufuturu ulipopigwa, yeye ndiye aliyeshtuka wa kwanza na kuikimbilia sinia ya tende.

"Waona?" Nyanya alimwambia Mama. "Yuwasikia kutushinda sote. Ulimi wake umelala tu, wataka kuamshwa."

Leo najua Zuhura alisikia kwa nyayo. Sakafu ile ilitetema kwa kila hatua, hata vikombe vya kabatini vilikuwa vikigongana mtu akitembea kwa haraka. Nyumba nzima ilikuwa ikimwambia nani anakuja. Lakini nyumba haikuweza kumfundisha kusema, na sisi tuliona anageuka tukatosheka.

Basi ukaanza utafiti wa kwetu. Nani alimwonyesha mtoto kioo kabla hajaota meno? Maana ilijulikana kwamba mtoto akijiona kiooni mapema, maneno yake hubaki mle. Mama aliapa kwamba si yeye. Maalim wa chuo cha Kurani alituandikia kombe, aya kwa wino wa zafarani ndani ya sahani nyeupe. Nyanya akaiosha kwa marashi na kumnywesha. Zuhura akaipenda ile ladha ya marashi, akaishika sahani kutaka zaidi. Neno halikutoka.

Kisha ikaja zamu ya kasuku. Mzee mmoja mwenye duka la vitambaa Ndia Kuu alikuwa na kasuku wa kijivu, na kwetu ilisemwa kwamba mtoto mzito wa kusema akila makombo ya kasuku, ulimi hufunguka. Nikatumwa na Zuhura.

"Nyanya asema utupe ndizi aliyoiuma kasuku," nilimwambia mzee.

Mzee alitazama juu ya miwani yake. "Mwambie bibi yako kasuku huyu hajui salamu. Alilelewa na mabaharia, matusi ndiyo elimu yake. Mtoto akija kuwatukana wageni, msije kugomba dukani kwangu."

Nilipomfikishia Nyanya ujumbe alisema, "Na atukane! Amtukane babu yangu kaburini, bora aseme."

Tulikwenda siku saba. Watoto wa mtaa walijua, wakawa wakitufuata kwa wimbo wao: "Zuhura kasuku! Kula ndizi utukane!" Zuhura hakugeuka hata mara moja. Alitembea akila ndizi yake, mkono mmoja umeshika nguo yangu. Mimi niligeuka kwa niaba yake, nikawatukana mpaka mwenye duka akatoka kunitazama, na nadhani kasuku naye alijifunza jambo siku ile. Zuhura yeye aliimaliza ndizi.

Jambo ambalo wakubwa hawakulijua ni kwamba Zuhura alikuwa akisema. Alisema nami, kwa mikono.

Siwezi kukumbuka tulianza lini. Hakuna mtu anayekumbuka siku aliyojifunza lugha yake. Baba alikuwa kidole kinachozunguka kichwa, kwa ajili ya kofia. Mama alikuwa ngumi inayosugua kiganja, kama mtu anayefua. Muuza kahawa alikuwa vidole viwili vinavyogonganishwa, kwa sababu ndivyo alivyokuwa akigonganisha vikombe vyake akipita. Nyanya alikuwa taya linalotafuna upande mmoja, kwa tambuu yake isiyokoma. Vitu vingine nilivibuni mimi, vingine yeye, na vilivyo vingi vilizaliwa katikati yetu bila mwenyewe kujulikana.

Na havikubaki vitu tu. Siku moja alizungusha kidole kichwani, akaonyesha mlango, akapiga viganja namna waokaji wa mofa wanavyoupiga mkate. Baba ametoka kununua mkate. Nilipokuja kusomea ualimu ndipo nilipotambua kilichofanyika pale. Mtoto wa miaka minne alikuwa amepanga mtenda, na kitendo, na sababu yake, na hakuna mtu aliyemfundisha kupanga. Wakati ule mimi niliona tu kwamba mkate unakuja.

Siri hiyo ilifichuka kwa mzaha. Alasiri moja Nyanya alikuwa ameketi mkekani akitafuna tambuu, nasi tuko mbele yake tukichambua mchicha. Zuhura alinigusa goti. Akatafuna upande mmoja, Nyanya. Kisha akavuta ndevu zisizokuwako chini ya kidevu chake, ishara yetu ya mbuzi. Akanitazama kwa makini kuona kama nimeelewa. Nilicheka hata mchicha ukamwagika.

"Wacheka nini, wewe?" Nyanya aliuliza.

Ningeweza kusema nimekumbuka jambo la chuoni. Sikusema hivyo. Niliona fahari. "Nyanya, Zuhura asema wewe ni mbuzi!"

"Asema?"

"Asema kwa mikono. Yuwajua kusema mambo mengi. Tazama!" Nikamwonyesha yote: Baba, Mama, muuza kahawa, mkate, mvua, usingizi. Nilikuwa kama mtoto anayesomea wageni sura aliyoihifadhi. Zuhura naye aliingia, akafurahi kwamba sasa tuko watatu, akamfanyia Nyanya ishara ya mbuzi uso kwa uso.

Nyanya hakukasirika kuitwa mbuzi. Alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya leso. Kisha kicheko kikaisha, akaishika mikono ya Zuhura yote miwili na kuikalisha mapajani pake.

"Basi ndiyo hii," alisema polepole. "Tumezunguka na makombe na kasuku, kumbe mwizi yumo nyumbani. Mikono ndiyo inayokula ulimi wake. Kwa nini aseme, na maneno yamepata mahali pengine pa kutokea? Mtungi ukiwa na ufa chini, maji hayafiki mdomoni." Akamwita Mama kutoka jikoni ili asikie. "Nawaambia leo, mkimwacha na mikono hii, mtoto huyu hatasema mpaka anaingia kaburini."

Dawa yake aliijua tangu utotoni kwake. Mikono ifungwe siku arubaini, kama mzazi anavyotimiza arubaini yake na maiti anavyosomewa ya kwake. Afunguliwe kwa kula, kwa haja na kwa kulala. Kitu atakachokitaka akiombe kwa kinywa. Na kwa kuwa mikono ile niliizoeza mimi, mimi ndiye niifunge.

Siku ya kwanza Zuhura alininyooshea mikono akicheka. Alidhani ni mchezo mpya. Nilitumia ukanda wa leso kuukuu ya Mama, laini, nikazungusha mara mbili na kufunga fundo lisilobana. Alikaa akisubiri sehemu ya pili ya mchezo. Alinitazama, akautazama ukanda, akanitazama tena. Nami nilikuwa nimeambiwa mikono yangu niiweke nyuma, niseme naye kwa sauti tu.

"Zuhura, sema: nifungue. Ni-fu-ngu-e."

Siku ya tatu alijificha mvunguni mwa kitanda nilipokuja na ukanda. Nilimvuta mguu. Siku ya tano nilimsikia akilia kwa namna ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya chini isiyopumzika. Mama alisimama mlangoni na unga mikononi.

"Mama," alimwambia Nyanya, "mtoto yuwalia."

"Na alie. Mwenye kulia ana kinywa."

Mama akarudi jikoni. Baba aliporudi jioni alimkuta Zuhura ameketi chini ya dirisha na mikono yake mapajani. Akauliza ni siku ngapi. "Arubaini," akajibiwa. Aliutazama ukanda kwa muda. "Haya," akasema, akaenda kutawadha. Neno hilo "haya" nimelifikiria kwa miaka mingi. Lina herufi nne tu.

Lakini jambo linalonitesa zaidi lilitokea kama siku ya kumi. Zuhura alikuwa amepata njia nyingine. Alianza kusema kwa mabega na kwa macho. Nyanya bado alikuwa taya. Baba akawa kichwa kinachozungushwa. Muuza kahawa akawa magoti mawili yanayogongana. Hebu fikirini. Mtoto ameondolewa mikono, na lugha inatafuta kiungo kingine cha kutokea, kama mche uliofunikwa na jiwe. Alinisogelea, akagonganisha magoti, akanitazama kwa yale macho yake ya kuuliza kama nimeelewa. Nilielewa. Nikaenda nikasema.

"Nyanya, sasa yuwasema kwa magoti."

Kwa nini nilikwenda kusema? Nilimpenda. Niliamini kila neno la Nyanya, na niliogopa kwamba magoti nayo yangekula ulimi. Na niliipenda ile sifa. Hayo yote yalikaa pamoja ndani ya kifua kimoja kidogo, na sijapata kuyatenganisha. Nyanya akaamuru kwamba akigonganisha magoti au kuzungusha kichwa, sote tugeuze nyuso. Tukageuza. Baada ya siku chache magoti yakanyamaza.

Siku ya ishirini na mbili alisimama mbele ya mtungi. Ilikuwa mchana wa joto. Nilichuchumaa mbele yake, nikafungua na kufumba kinywa changu kwa upole, kama nilivyokuja kufanya baadaye mbele ya watoto wa darasa la kwanza. "Maji. Ma-ji. Ma." Hakuwa akiyatazama macho yangu tena, alitazama midomo. Akafumba ya kwake, akaifungua, na sauti ikatoka.

"Ma."

Nyanya alipiga vigelegele hata jirani akauliza dirishani nani kaposwa. "Amesema!" Nyanya alijibu kwa sauti ya kilio. "Mjukuu wangu amesema maji!" Mama aliketi sakafuni na kufunika uso. Zuhura alipewa maji, akapewa na sukari, akabebwa. Alikuwa akitutazama mmoja mmoja kama mtu aliyekanyaga kitu gizani na taa zote zikawaka.

"Tumfungue?" niliuliza.

"Arubaini haikatwi," alisema Nyanya.

Toka hapo Zuhura alisema "ma" kwa maji. Akasema "ma" kwa mkate, na kwa kwenda haja, na kwa kunyoosha mikono ili afunguliwe. Aliwaita "ma" paka, Baba, na mimi. Sisi tulizihesabu zote kuwa maneno. Tulisema yuko njiani. Kumbe alikuwa amejifunza jambo moja tu, kwamba ukifumba midomo na kuifungua watu hawa huacha kukugeuzia nyuso.

Siku ya arubaini Nyanya aliukata ukanda kwa mkasi, dua ikasomwa, majirani wakaletewa visheti vya sukari. Wageni walipoondoka nilimchukua Zuhura mpaka chumba cha nyuma, mahali petu. Nilikuwa na hamu naye. Watu hawaamini nikisema hivyo, kwamba unaweza kumfunga mtu na kuwa na hamu naye siku hizo hizo. Nikafunga mlango, nikagonganisha vidole viwili. Muuza kahawa. Nikatafuna upande mmoja, nikavuta ndevu za mbuzi, nikamngoja acheke.

Zuhura aliitazama mikono yangu. Kisha akaishusha ya kwake mapajani, yeye mwenyewe, na kuikutanisha pale vifundoni, ukanda ulipokuwa ukikaa. Akanitazama midomo.

"Ma," akasema.

Nilijaribu kesho yake, na wiki iliyofuata. Alifanya vile vile kila mara. Kisha chuo kilinishughulisha, na shule, na marafiki, nami nikaacha kujaribu.

Ilipita miaka miwili kabla Baba hajampeleka hospitali, Mama nami tukifuatana nao. Muuguzi alikuwa mwanamke wa bara aliyekuwa akikaa Ganjoni, mwenye sauti ya taratibu. Sakafu ya chumba kile ilikuwa saruji tupu. Alisimama nyuma ya Zuhura na kugonga mfuniko wa bati kwa kijiko. Mimi niliruka. Zuhura aliendelea kuhesabu vidole vyake.

"Mama," muuguzi alimwambia Mama, "mtoto huyu hasikii. Nafikiri hajawahi kusikia tangu azaliwe."

Nyumbani habari ilipofika, Nyanya aliitema tambuu yake. Kisha akasema, "Nilisema hatasema. Si niliwaambia?" Na ni kweli alituambia. Onyo lake lilitimia kama alivyolitamka, na mtaani likasimuliwa kuwa ushahidi: mikono ilikuwa imeshaula ulimi, arubaini ilichelewa. Sijui kama yeye mwenyewe aliamini. Nilichokiona ni kwamba alifunga kila Jumatatu na Alhamisi kwa ajili ya ulimi wa Zuhura mpaka alipokufa, na kwamba hakutamka tena neno "mbuzi" mbele yangu. Hakuwa mtu mbaya. Ningefarijika kama angekuwa mbaya.

Wala ujinga haukuwa wa nyumba yetu peke yake. Nilipokwenda kusomea ualimu, mkufunzi mmoja, mtu aliyesoma ng'ambo, alitufundisha kwamba mtoto kiziwi azuiwe kutumia mikono, la sivyo hatajifunza kusema. Wanafunzi wenzangu waliandika. Mimi niliweka kalamu chini. Nilikuwa nimesafiri mbali na Ndia Kuu kuja kumsikia Nyanya akisema kwa Kiingereza.

Darasani ndiko nilikofunzwa ukweli, na walionifunza walikuwa watoto. Kila mwaka niliwapokea watoto wa wafanyakazi wa reli na bandari, wengine wameshuka juzi kutoka bara bila Kiswahili hata cha salamu. Mwezi wa kwanza walikaa kama mawe. Sikuwafundisha mimi, niliwatoa nje wacheze. Kufikia likizo walikuwa wakigombania zamu ya mpira, wakidanganya na kutaniana kama waliozaliwa Kibokoni, huko huko Mji wa Kale. Lugha humjia mtoto akiwa na mtu wa kumchekesha. Inataka wawili na jambo la kuambiana. Ina msimu wake pia, kama jino la utotoni, na msimu huo ukipita bila kitu, kinachokuja baadaye huja kwa shida na huja pungufu. Zuhura alikuwa na mtu, alikuwa na jambo, na alikuwa ndani ya msimu. Tulimnyang'anya katikati ya sentensi.

Sasa sote ni wazee, naye anakaa nami. Alipokuwa na miaka thelathini na kitu alikutana na viziwi wenzake, akajifunza ishara zao kwa kiasi: sokoni, homa, mvua, ghali, mtoto wa nani. Nami nilijifunza hizo hizo ili tuishi. Zinatosha kwa siku inayokwenda. Hazitoshi kwa siku iliyopita, kwa sababu Zuhura hakupata kuzishika ishara za "zamani", "kama" na "kwa nini". Zilimfikia akiwa mtu mzima, amechelewa. Labda sisi wawili tungezibuni wenyewe tukiwa na miaka sita na kumi, kwa kuwa tulikuwa tukienda kasi.

Dini yetu inataka aliyedhulumu amwendee aliyemdhulumu, aombe radhi angali hai. Nimejaribu mwaka huu, baada ya chakula cha mchana, tumeketi uso kwa uso mezani. Nilijionyesha mimi, nikamwonyesha yeye. Kisha nikatupa mkono nyuma ya bega langu, kama wafanyavyo wenzake wakitaka kusema zamani, nikarudia mara ya pili na ya tatu, mbali zaidi, huku machozi yananitoka.

Zuhura alinitazama kwa wasiwasi. Akautazama mlango uliokuwa nyuma yangu. Akainuka, akaufungua, akachungulia ukumbini kulia na kushoto. Kisha akarudi, akaniwekea mkono begani na kutikisa kichwa polepole ili kunituliza: hakuna mtu.